Kisima Kilichosema Amina

Fungeni Biblia zenu kwanza. Fungeni tu, Zaburi ya mia na thelathini haitakimbia. Nimewasikia mlivyoitikia. Mmeijua kwa kichwa, na kuna mzee mmoja upande ule alikuwa anamaliza mstari kabla msomaji hajaufikia. Vizuri sana. Sasa nina swali, na msinijibu kwa makofi: huyu anayesema "toka vilindini nimekulilia," yuko wapi? Yuko kwenye benchi, amevaa tai, amekunja miguu? Hayuko. Yuko chini. Yuko mahali ambapo sauti yake ikifika huku juu, anayeisikia anaingiwa na baridi mgongoni.

Basi nisikilizeni, na wanakwaya acheni kupekua madaftari ya nyimbo, bado sana.

Palikuwa na kijiji milimani, watu wake wakilima tangawizi kwenye miteremko. Majira fulani ukungu ulikuwa unashuka kijijini na kukaa. Haupiti, unakaa. Mchana mzima ni mweupe, unasikia jembe la jirani lakini humwoni jirani mwenyewe. Na watu wa huko walikuwa na kanuni moja: ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Nyamaza, endelea na safari, usigeuke. Mtoto alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Mnacheka? Ninyi wenyewe mmefundishwa hivyo hivyo, na wengine mpaka leo namba ngeni ikipiga hampokei.

Katika kijiji hicho alikuwepo mama mmoja mjane, na mwanawe wa pekee aliitwa Mbonea. Kijana huyo alikwenda bara kutafuta maisha kwenye machimbo. Mwanzoni alikuwa anatuma salamu, baadaye salamu zikakatika. Kisha akapita msafiri mmoja akasema machimbo yale yaliporomoka, na wachimbaji wote wa upande ule walifukiwa humo humo. Mama akalia mpaka akakauka. Mwili haukuwepo, na kwa desturi ya huko mtu hawezi kuachwa hivi hivi bila kaburi, kwa hiyo walikata shina la mgomba, wakalilaza kwenye mkeka, wakalivisha shuka jeupe, wakalizika kando ya nyumba kama wanavyomzika mtu. Mama alitupia udongo kwa mkono wake. Wakaimba, wakala, wakatawanyika.

Kabla ya msiba huo, lakini Mbonea akiwa ameshaondoka, washarika wa kanisa la kijiji walikuwa wamechimba kisima kule chini, kando ya njia ya mkato. Walichimba na kuchimba, maji hayakuonekana. Ikaja hoja ya nani akifunike. Wazee wakasema ni kazi ya vijana, vijana wakasema ni kazi ya kamati ya maji, kamati ikasema yenyewe ilikuwa ya maji na maji hayakupatikana. Mnawajua watu wa namna hiyo? Mimi nawajua. Wakatupia matawi juu yake, nyasi zikaota, wakasahau.

Ukaja ukungu mzito kuliko ilivyozoeleka. Wanawake wawili walikwenda chini kukata majani ya ng'ombe. Wanakata huku wameinama, kila mmoja anasikia mundu wa mwenzake, na mmoja wao, Mama Elieneza, akakohoa. Alikohoa tu, kwa sababu ya unyevu.

Sauti ikatoka ardhini. "Mama Elieneza? Ni wewe? Nimekujua kwa kikohozi chako."

Miundu ikanyamaza. Wale wanawake wakatazama pande zote na hawakuona mtu, ni weupe tu, na sauti ilikuwa haitoki mbele wala nyuma. Ilikuwa inatoka chini ya nyayo zao, nzito, imepasuka, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mwenzake akamwekea Mama Elieneza kidole mdomoni. Asiitike!

"Mama Elieneza, usiondoke," ikasema ile sauti. "Ni mimi Mbonea."

Jamani! Mbonea aliyezikwa! Walitupa majani, wakatupa na miundu, wakapanda ule mlima mbio wakiwa wameshikana kanga, na walipofika juu Mama Elieneza hakuweza kusema kitu mpaka alipopewa maji. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kimejua. Ile njia ikaachwa, ng'ombe wakafungiwa, na watoto wakaambiwa wakae ndani.

Kijiji hicho kilikuwa na kikundi cha maombi, na kiongozi wake alikuwa mwanamke hodari, mwenye imani. Nasema hodari kwa moyo mweupe, simdhihaki. Wengine wote walikuwa wanajificha, yeye akachukua Biblia yake akasema, "Tunaogopa nini? Twendeni tukamkemee." Wakateremka kundi zima, wameshikana mikono ili wasipoteane kwenye ukungu, wakasimama mbali kidogo na zile nyasi, na kiongozi akaanza kusoma Zaburi ya tisini na moja kwa sauti kuu.

Alipomaliza, kutoka chini, taratibu, ile sauti nayo ikaanza. Ikasema, toka vilindini nimekulilia, Ee Bwana, uisikie sauti yangu. Ikaenda nayo mstari kwa mstari. Ilipokwama ilirudia nyuma, kama mwanafunzi wa kipaimara anayejikumbusha.

Mmoja wa wanakikundi akasema, "Mama Kiongozi, mbona linasoma Neno?"

"Na kwa Bwana wetu kule juu ya kinara cha hekalu, Shetani alikuja na nini?" akajibu kiongozi. "Hakuja na Zaburi hii hii niliyosoma? Anaijua kutuzidi. Pandisheni sauti!"

Wakapandisha. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuwa na jibu la kweli, limo kabisa katika Injili, na bado akakosea? Waliimba, wakapiga makofi, wakanena kwa lugha, wakakemea kwa jina la Yesu, na ile sauti ikifunguka wao wanaifunika. Waliporudi nyumbani walikuwa wamekauka makoo, lakini wana furaha. Siku zilizofuata wakaenda tena, na tena.

Sasa mama yake. Yule mjane nyumba yake ilikuwa pale juu, na upepo ukigeuka, ukungu ulikuwa unamletea sauti mpaka barazani. Alikuwa ameketi anachambua tangawizi, akaisikia. Mikono ikaacha kazi. Akainuka, akashika njia ya kwenda chini, lakini majirani wakamwahi. Kiongozi wa maombi mwenyewe akaja akamshika mabega.

"Niacheni," akasema mama. "Ile ni sauti ya mwanangu."

"Mama, mwanao tulimzika."

"Tulizika mgomba."

Kiongozi akamwinamia sikioni, akaongea kwa huruma, maana alimpenda. Akamwambia, "Ndiyo maana, mama. Kaburi lisilo na mtu ni mlango wazi. Adui ameliona, akatafuta sauti ya kuingiza humo. Ukiitika mara moja tu, umempa kibali. Atakuchukua na wewe."

Yule mama akatazama kaburi la mgomba kando ya nyumba yake, na udongo wake ulikuwa umetitia katikati, kama makaburi yanavyotitia kitu cha ndani kikioza. Akaogopa. Nani asingeogopa? Akaingia ndani, wakamfungia mlango kwa nje ili amri ya moyo isimshinde, na mtu akawekwa kukaa naye. Alijifunika mablanketi kichwani mchana kweupe, na bado alikuwa anaisikia. Ilikuwa inasema, "Maji." Ikakaa kimya muda mrefu, ikasema tena, "Jamani, maji." Yule mama alikuwa anauma blanketi ili asiitike.

Nataka mlione jambo hilo, msilipite haraka. Mama anauma blanketi asimwitikie mwanawe, na anafanya hivyo kwa imani.

Jumapili ikafika. Kanisa likajaa, kwa maana katika hofu watu hawakosi ibada. Mjane naye akaletwa, akakalishwa mbele. Ulipofika wakati wa ushuhuda, kiongozi wa maombi akasimama, uso unang'aa.

"Bwana ametenda! Jana tulikwenda kwa mara ya mwisho. Lile pepo lilikuwa limeishiwa nguvu, halipigi tena kelele. Tuliomba sala fupi, tukafunga kwa jina la Yesu, tukasema amina. Na lenyewe kule chini likasema amina, kwa kasauti kadogo hivi. Halafu likanyamaza. Leo asubuhi nimepeleka watu wakasikilize, hakuna kitu. Limeshindwa!"

Makofi! Vigelegele! Watu wakasimama, kinanda kikaingia, wengine wakaanza kucheza kwenye njia ya katikati. Wanacheza kwa nini? Kwa sababu kisima kimenyamaza.

Yule mjane hakusimama. Alingoja makofi yapungue, akauliza kutoka pale pale alipokaa, "Likasema nini?"

"Likasema amina, mama. Likasalimu amri."

"Zaburi Shetani anaijua, umetuambia, nami nimekubali," akasema mama. "Lakini amina ya jina la Yesu anaitaka ya nini?"

Kinanda kikafa chenyewe. Na katika kimya hicho yule mama akainuka, akapita katikati ya watu na nguo zake za Jumapili, akatoka nje, akaingia kwenye ukungu. Safari hii hakuna aliyethubutu kumshika.

Walimfuata kwa mbali. Hawakumwona, waliona tu nyasi zimelala alikopita. Yeye alifika kwenye zile nyasi, akazitenga kwa mikono, akapiga magoti, akatazama lile shimo jeusi lililokuwa linatoa baridi kama pumzi. Moyo wake ulikuwa unamwambia akiitika anakufa. Nalo shimo lilikuwa kimya. Basi hapakuwa hata na mtu wa kumwitikia! Alikuwa amechelewa kuitika, na bado akaitika.

"Naam, mwanangu," akasema. "Mama yako nipo. Nimeitika."

Kimya. Tone la maji likaanguka mahali, huko ndani.

"Mbonea. Nimeitika, baba."

Wale waliosimama nyuma kwenye ukungu wakaanza kurudi kinyumenyume. Ndipo ikaja ile sauti, ndogo, imebaki kama mkwaruzo.

"Mama, rudi nyuma kidogo. Hapo uliposimama udongo unakatika."

Yule mama akapiga yowe lililowafikia mpaka waliobaki kanisani. Kwa sababu mwenye kuja kumchukua mtu hamwambii arudi nyuma. Akageuka akawapigia kelele, "Mtu! Ni mtu! Mnatazama nini? Leteni kamba!" Vijana wakakimbia, na kamba ya karibu kuliko zote ilikuwa ile ya kengele ya kanisa. Wakaikata. Mmoja wao akafungwa kiunoni, akateremshwa, na baada ya muda wakamvuta akiwa amekumbatia kitu chembamba, kimejaa tope, mguu umevunjika, midomo imepasuka, macho yanaumizwa na weupe wa mchana. Alikuwa Mbonea. Mzima. Hakuwahi kufukiwa na machimbo. Aliugua muda mrefu mahali pa mbali, akapona, akaamua kurudi nyumbani bila kutoa taarifa ili amshangaze mama yake. Akashika njia ya mkato aliyoijua tangu utoto, na kwenye njia hiyo kulikuwa na kisima asichokijua. Alikuwa amebeba mkate wa kumletea mama. Huo ndio uliomweka hai, huo na maji aliyokuwa akiyaramba kwenye ukuta.

Wakampa maji kidogo kidogo. Kijiji chote kimesimama, hakuna anayeweza kumtazama. Kiongozi wa maombi akaja akaanguka chini mbele yake, akalia, kisha akamwuliza swali lililokuwa linamtafuna.

"Mwanangu, sisi tulikuwa tunakukemea. Kila siku tunakukemea. Wewe ukasemaje amina?"

Yule kijana akamtazama kwa mshangao kabisa. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Mlikuwa mnanikemea mimi?" akasema. "Sikujua. Nilisikia mnakemea, nikadhani huko juu kuna kitu kibaya kimesimama kati yangu na ninyi, kinawazuia msinifikie. Nikasema na wapambane nacho, wakikishinda watanitoa. Ndiyo maana niliitikia."

Ndugu zangu, huko juu hapakuwa na kitu kibaya kimesimama? Kilikuwepo! Kijana alisema kweli kuliko alivyojua. Kilikuwa kimesimama pale pale kando ya kisima, kimeshika Biblia, kinasoma Zaburi kwa sauti kubwa ili kisisikie Zaburi.

Na sisi je? Sisi Zaburi tumezigawa kama dawa za dukani. Ya ishirini na tatu ya msiba. Ya tisini na moja tunaibandika kwenye kioo cha gari. Ya thelathini na tano tunaisoma tukimfikiria jirani fulani, na msiniangalie hivyo, nawajua. Sizikatai. Zisomeni. Lakini mmewahi kuhesabu moyoni ni ngapi katika hizo ambazo ni mtu analia? Mtu anasema mifupa yake imefadhaika. Mtu anasema machozi yamekuwa chakula chake. Mtu anamwuliza Mungu uso kwa uso, umeniacha kwa nini? Na Mungu hakumkemea. Aliruhusu kilio hicho kiandikwe, kiimbwe hekaluni, kije mpaka mikononi mwenu.

Sasa huyo huyo aje leo kwenye ibada yetu ya nyumba kwa nyumba. Aseme tu, "Wapendwa, nimechoka, naona giza, sijui kama Mungu ananisikia." Tutamwambia nini? Tutamwambia usikiri hivyo! Kataa! Hiyo ni roho ya kukata tamaa! Tutamzunguka, tutamwekea mikono, tutapandisha sauti mpaka yake isisikike. Naye mwishoni atasema amina, maana afanye nini? Tutarudi nyumbani tumekauka makoo na kufurahi, tukidhani kunyamaza ni kupona.

Nakijwa yuko wapi?

Naona mmeinamisha vichwa. Wageni mnisamehe, hili ni la nyumbani. Nakijwa binti yetu alimzika mtoto wake mchanga. Wakati nikiwa safarini alisimama kwenye ushirika akasema, "Mungu mimi simwoni." Niliporudi mkaniambia kwa furaha, Mchungaji, tulimwombea yule dada sana, alikuwa anapiga kelele lakini sasa ametulia. Ametulia! Nani amemwona tangu siku hiyo? Wewe? Wewe unayeishi naye ukuta kwa ukuta?

Hakuna.

Basi leo baraka sitaitoa hapa. Nitaitoa uani kwake. Simameni, na sadaka iacheni ilipo, haiozi. Kinanda kibaki. Mwenye kuanzisha pambio asianzishe, hata kama roho inamsukuma. Tunakwenda kimya, wote, mpaka mlangoni pake, ili akisema neno lolote, hata likiwa dogo namna gani, hata likiwa la kututisha, tulisikie.